Kisu Kilichokwenda Bunda

Hyasinta alikiviringisha kisu kwenye kipande cha kanga, akakisukuma chini ya sketi zake kwenye begi. Wenzake wa mezani wakitafute watakavyo. Tangu lini tajiri wa kiwanda cha samaki hapa Musoma akamlipia mtoa minofu nauli ya Bunda, wiki nzima, akakae tu kwenye kiti asikilize maneno?

"Jenoveva naye walimwambiaga ni mafunzo," alimwambia Sabina, mwenzake wa meza moja kiwandani. "Kurudi, akakuta mtu kwenye nafasi yake. Sasa anauza vitumbua."

"Wewe nenda, dada. Nafasi yako nitaiangalia."

Ataiangalia! Huyu huyu anayeoshaga minofu huku macho yapo kwenye kisu cha mwenzake, kisu kikali kuliko vyote pale mezani? Hyasinta aliondoka na donge rohoni.

Kule Bunda mwalimu Baltazar alifundisha kunoa visu kwa zamu na kupokezana kazi, ili mmoja asipokuwepo meza isilale. Wenzake waliandika. Hyasinta alinuna. Amfundishe mtu, halafu mtu huyo amtoe? Jioni alimpigia Sabina. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kimya. Basi, alijua yameshaiva.

Jumatatu aliingia kiwandani na kweli, Sabina alikuwa amesimama pale pale kwenye nafasi yake. Lakini minofu iliyokuwa mbele yake ilikuwa imechanikachanika, na sangara walikuwa wamerundikana. Sabina aligeuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, juu yake mfuko wa nailoni.

"Afadhali umerudi. Walitaka kuleta mgeni kwenye nafasi yako, nikakataa, nikasema nitaiweza. Kisu chako sikukiona, nikachukua kile kibutu. Kikateleza."

"Mbona hukupokeaga simu?"

"Kwa mkono upi, dada? Jioni ile nilikuwa zahanati nashonwa huu."

Onesmo, msimamizi wao, alipita akiwa amekunja uso. "Wiki nzima meza hii imetuangusha. Hayo mafunzo yametusaidia nini?"

Hyasinta alilivuta begi lake karibu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alifungua begi, akatoa kile kipande cha kanga, akakifungua juu ya meza.

Sabina alikitazama kisu. Akamtazama yeye.

"Njoo usimame hapa," Hyasinta alisema kwa sauti ndogo, akimgeuzia Sabina mpini upande wa mkono wake mzima. "Nikuoneshe kinavyonolewa."

Maji ya bomba yalikuwa yakitiririka juu ya samaki. Sabina alikuwa hajanyoosha mkono bado.