Kadzama ya Mzee Renzo

Tangu asubuhi nilikuwa sikaliki. Nikikaa jikoni nasimama, nikisimama nakwenda dirishani kuchungulia njia, kana kwamba macho yangu yangeiharakisha pikipiki ya baba mdogo Ngowa kutoka Marafa. Chumbani Mzee Renzo alikuwa akinuka, na mimi niliyempikia miaka yote hii nilikuwa nje ya mlango, maji yakipoa kwenye beseni.

Mzee alistaafu kwao Torino akaja kuzeekea Malindi, kama wenzake wengi. Wakati wa nguvu ilikuwa raha tupu. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, kikambakishia maneno mawili matatu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba mji una hoteli za kumpokea mzungu, mikahawa ya kumlisha na jua la kuota, ila nyumba ya kumlea akishindwa kwenda msalani tulitafuta hatukuipata. Kwao serikali humsaidia mzee asiyejiweza, lakini awe huko huko. Aliyehamia ng'ambo atajijua.

Wauguzi tuliwaleta. Jimmy alikaa mwezi, akakimbilia Marereni kuchota chumvi, eti chumvi haimtupii mtu sahani. Aliyemfuata alikuwa na mkono mzito, nikamfukuza mwenyewe. Sasa mgongoni pana kidonda cha kulala, na bintiye Ilaria amekiona kwenye simu. Alinisemesha kwa upole, na upole wake ndio ulionikera.

"Nyevu, yeye anakuamini wewe. Ukikubali kumwogesha, atabaki. La sivyo nakuja Jumapili kumchukua. Nimempatia nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee."

Kumwogesha mtu ni kazi gani? Ningemwogesha hata shetani akiwa na homa. Lakini huyu ni baba yangu, na mtoto wa Kigiriama haoni uchi wa babake. Wala si baba wa mdomoni. Siku ya kuolewa kwangu baba mzazi alikuwa keshafariki, na baba zangu wadogo walikuwa wamenuna, hawakufika. Mzee Renzo ndiye aliyeketi mkekani. Nilionja mnazi nikampa, naye akaivuta kwa mrija ile kadzama, kibuyu cha mnazi cha baba wa bibi harusi, akakohoa, watu wakacheka. Walicheka, lakini ndoa ilifungwa. Mume wangu Laban naye akawa mkwe, na mkwe ndiye wa mbali zaidi. Mlango wa chumba kile haugusi.

Ngowa alifika jua likiwa kali, kibuyu cha mnazi mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mzee yuwasikia?"

"Yuwasikia yote. Kusema ndiko kumemshinda."

"Basi ni rahisi. Anipe hii kadzama kwa mkono wake, niinywe mimi niliyestahili. Nitakuwa babako, yeye atakuwa tajiri wako tu. Utamwosha bila lawama."

Rahisi kwake, aliyeikimbia harusi na sasa amekuja na kiu. Hata hivyo nilimshukuru kwa moyo wote, maana nilitaka Mzee abaki. Ili abaki ningekubali kuitwa yaya wake, mpishi wake, chochote.

Tukaingia. Ngowa akamweleza taratibu na kwa heshima: akimkabidhi kibuyu, atabaki Malindi na nitamwosha mimi, asipomkabidhi, Jumapili ni ndege. Kisha akamwekea kibuyu mapajani. Mzee akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa ameelewa. Akili yake kiharusi hakikuigusa.

"Mpe," nikamwambia. "Mpe tu, tumalize."

Mkono wa kushoto uliinuka, lakini haukwenda kwa Ngowa. Ulishika mrija, ukautia pembeni mwa mdomo, upande usiopooza, na Mzee akavuta. Mnazi ukamtiririka kidevuni hadi shingoni. Akapumzika, akavuta tena.

"Unafanya nini?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko heshima. "Watakupeleka. Huko nani atajua kwamba chai hunywi bila tangawizi? Nani atakujua wewe?"

"Baba," akasema, akijigonga kifua. Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka.

Ngowa alivua kofia yake, hakudai tena kibuyu.

"Mkataa pema pabaya panamwita," nikafoka. Nilitamani kumshika mabega nimtikise. Na ndani ya hasira ile ile nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtoto anayegombaniwa, nikaionea haya. Nikamfuta kidevu na shingo, maana hapo mtoto anaruhusiwa.

Nilitoka barazani na simu, nikatembea nguzo hadi nguzo mpaka Ilaria akapokea.

"Umeamua?" akauliza.

"Ameamua mwenyewe. Sikumweza." "Usingoje Jumapili, dada. Njoo umchukue baba yetu."