Shada la Pili

...na yule mzee mwenye joho jekundu bado anaongea, Kigiriki kinamtoka kama maji ya bomba lililosahauliwa, watu hawa hawamezi mate, tangu Auleria aegemeze tableti kwenye chupa ya chai mkuu wa chuo hajanyamaza hata kukohoa, kikombe kimepoa, simu iko mapajani na sauti aliyoirekodi imo ndani imeshakaa tayari, rudi nyumbani mwanangu, basi, hakuna kingine, kilichobaki ni kidole kubonyeza kale kamshale ka kijani ka kutuma, maana jana Loveness alisema, mama, wamenipa nafasi nibaki nifundishe hapahapa chuoni, jibu wanalitaka kesho baada ya mahafali, nirudi au nibaki, sema wewe, utakalosema nitalifanya, na mdomo huu ambao soko zima la Kimara lilikuwaga linauogopa ukaishia kusema nitakujibu kesho, na kesho ndiyo hii, na mzee anafungua ukurasa mwingine... pale, yule pale, safu ya pili, mweusi peke yake kati ya majoho, kanenepa, au kamera ndiyo inanenepesha, kasuka mwenyewe maana upande wa kushoto mistari imekwenda kombo, nani angemsuka huko, shule hiyo yote na hakuna mtu wa kumshikia kichwa... chuo cha biashara, cha serikali, kina miaka mia na ushee, alimsimulia zile siku za mwanzo alipokuwa bado anapiga kila jioni, kilianza kama shule ya biashara tu, kikabadilishwa jina, kikabadilishwa tena, jengo likabaki kwenye barabara yake kubwa yanakopita mabasi yenye mikono ya kushika nyaya za umeme juu, na Auleria akamjibu, miaka mia wanafundisha kununua na kuuza halafu nchi nzima ikaja kufilisika, si wangekuja kwangu kwenye ndizi nikawafundisha bure, Loveness akacheka mpaka simu ikakwaruza, kicheko hicho hakijasikika siku nyingi, siku hizi anacheka kwa adabu, kama mtu aliye ofisini... na mwaka ule wanafunzi walipogoma wakaziba geti kwa viti na meza, maprofesa wakabaki nje na mikoba yao, na mtoto wa Auleria, aliyefundishwa kumwamkia mwalimu hata mwalimu akiwa ng'ambo ya barabara, akasimama nje pamoja nao akiona aibu kwa niaba ya watoto wa watu, mama, hawa wanafunzi wanamkatiza profesa, na profesa anawasikiliza, na pembeni ya ukuta huohuo Waafrika wametandika mashuka wanauza mikanda na pochi, polisi wakitokea shuka linageuka furushi, mbio, kama wamachinga wa Kariakoo, ndani mwanangu anasomea masoko, nje masoko yenyewe yanakimbia, na akaumaliza huo udaktari wa vitabuni, daktari asiyejua hata kuchoma sindano, Mwanaheri alishauliza hilo...

Hodi Mama Loveness, ndiye huyo, jirani wa ukuta mmoja, keshaingia na bakuli la visheti kabla ya kuambiwa karibu, bado tu hawajampa cheti, Mama Loveness, kwetu saa hizi pilau lingeshaliwa na watu wanagombania ukoko, kaa Mwanaheri, unanizibia, hee, nakuziba nimekuwa kabati, yupi wako, sasa wewe unaona weusi wangapi hapo, basi nimeuliza tu, Mungu amlinde, wale wa maji wamekata tena tangu asubuhi, nimebaki na ndoo... anaendelea na ndoo yake, na afadhali anaendelea, sauti ya mtu ndani ya nyumba hii ni kitu, vyumba vinne vya Auleria, kimoja kina godoro la Loveness limefunikwa nailoni, ukipita mlangoni saa za mchana nailoni inatoa mlio yenyewe, hakuna aliyeigusa, tangu mumewe Ansbert apelekwe Bukoba kuzikwa anapika ndizi mbili na bado zinabaki, kwa hiyo rudi, kuna ubaya gani, mama kumwambia mtoto rudi...

Kamera imegeuka, sasa wanaonyesha wageni, suti, maua, na hee, ni nini kile, katikati ya wazazi kuna bibi wa Kizungu, mweupe kama unga, amekaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti, na shingoni amevaa shada, shada la makaratasi ya kumetameta, mekundu na dhahabu, la Auleria, alilinunua mwenyewe, mawili, moja akamkabidhi mtoto wa parokiani aliyekuwa anasafiri, mfikishie Loveness, siku ya mahafali yake avishwe kama wenzake wa huku, na hili la pili akalitundika msumarini chini ya picha ya Ansbert, la kumvalisha uwanja wa ndege siku akirudi, sasa bibi huyu shada la mtoto wangu amelivaa yeye, amehitimu nini, ndiye Kiria Stamatia, kiria ndiyo kusema bibi kwao, mwenye chumba alichopanga Loveness, mwizi mkubwa, na Auleria ameshafungua mdomo amwambie Mwanaheri, tazama Mzungu alivyo na njaa ya vitu vya watu, mdomo ukabaki wazi... bibi wa watu hajui, nani angemwambia, ameletewa kitu kinang'aa kutoka Afrika, kakiona kizuri, akadhani mzazi ndiye anayevaa, mjane, mwanawe yuko Australia, kabakia hukohuko, anampigia Pasaka, Loveness alisema, Pasaka na Krismasi... na Loveness yuko safu ya pili, ameliona, lazima ameliona, dhahabu yote ile, na hakumvua, hakumwambia kiria hilo ni langu, amemwacha akae nalo na raha yake, ndivyo alivyo huyo mtoto, alipokuwa darasa la tatu mama yake alikoroga chumvi kwenye chai akidhani sukari, Loveness akainywa yote, akasema asante mama, akaenda shule, Auleria akaja kugundua alipokunywa ya kwake, ukimwambia rudi atarudi, atakaa kwenye kochi hili, atainywa kila siku, atasema asante mama, na wewe hutajua kamwe kama ni chumvi...

Kidole kimeondoka kwenye mshale kikaenda kwenye kale kapipa ka kufutia, sauti imefutika, rudi imefutika, atasema nyingine, atasema baki, na atasema na lile lingine pia, kwamba nyumba kubwa na jioni ni ndefu, alijue, lakini lisimrudishe, na Auleria anainuka, magoti yanalalamika, Mwanaheri bado yuko kwenye ndoo, anafika msumarini, anashusha shada la uwanja wa ndege, anapangusa vumbi, analivaa, linawasha shingo, anarudi kukaa wima, Mwanaheri ameacha ndoo, sasa Mama Loveness, si anavaa aliyehitimu, wewe na yule bibi mmehitimu nini, na Auleria, ambaye hajawahi kumsitiri mtu ulimi ukiwa na nafasi, anasema, huko kwao mzazi ndiye anayevaa, ndiyo desturi, wewe utajulia wapi, sogea unanizibia, na mzee wa joho jekundu anafungua ukurasa mwingine, anaongea...