Nukta ya Mitungi ya Sabili

Siku duka la Ami Bayumi lilipofungwa, Mwalimu Wagdi alitembea kifua mbele. Watu ishirini na watatu mtaani walikuwa wameshikwa na homa ya matumbo, na Daktari Inas wa zahanati alikuwa amemkabidhi orodha ya mahali walikolala. Wagdi, mwalimu wa hesabu, aliitilia kila nyumba nukta kwenye ramani, kisha akapima kila kona ya mtaa iko umbali gani na kila nukta, atafute ile iliyokaribiana na nyingi kuliko zote. Ikatokea kona ya duka la juisi ya miwa. "Hesabu haina shemeji," alisema, na duka la mzee wa watu likatiwa kufuli.

Wiki ya pili watu bado waliugua. Dada yake Samira aliinamia ramani, sinia la mboga ya mulukhiya mkononi.

"Nagat umemweka wapi?"

"Hapa. Ndivyo orodha inavyosema."

"Hapo si kwa mama yake? Wewe nawe, mwalimu mzima! Mke akiugua anarudi kwao kuuguzwa. Nagat anakaa kwa mumewe, nyuma ya msikiti."

Wagdi akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Wanawake wa namna hiyo walikuwa saba, na Samira alizijua nyumba za waume zao zote. Akazihamisha nukta, akapiga hesabu upya. Jibu likatoka dukani, likavuka barabara, likatua kwenye ukuta wa msikiti, penye mitungi miwili ya udongo na kata ya bati, maji ya sadaka kwa kila apitaye.

"Ile ya sabili!" Samira akasema. "Ya nani, hata?"

 Ilikuwa ya Wagdi mwenyewe. Aliiweka kwa ajili ya marehemu baba yao, Shafiq, bila kumwambia mtu, maana sadaka bora ni ya siri. Kila Ijumaa alfajiri alikuwa akiisugua. Tangu Ramadhani iishe, masomo ya ziada yalimzidi. Akawa anaijaza tu, kwani nani angejua?

Akaenda, akafunua, akatia mkono. Ndani kulikuwa na utelezi na harufu mbaya. Akaimwaga yote miwili. Sasa homa ingeweza kuisha kimyakimya na lawama ikabaki kwa Bayumi. Wazo hilo lilimjia kweli, na aibu ikamchoma hadi masikioni.

Alimkuta mzee ameketi nje ya mlango wa duka uliofungwa, duka lililoungana na nyumba yake. Akamweleza ya ramani na ya mitungi, macho chini.

"Kumbe ni wewe," Bayumi akasema.

"Ni mimi, ami. Nisamehe. Naenda kwa daktari sasa hivi, niseme mbele za watu, ufunguliwe."

"Miaka minne nikitoka kuswali nakunywa pale, namwombea rehema aliyewekewa maji yale. Sikujua ni Shafiq." Mzee akajifuta uso kwa kilemba. "Waliponifungia, walisema tusiguse bomba la dukani, hesabu ya mwalimu imekataza. Basi mjukuu wangu nikawa namchotea kule kwako. Nikasema, maji ya sadaka hayadhuru."

Wagdi akainua macho.

"Tangu jana anawaka homa," Bayumi akasema. "Kalamu unayo, mwalimu? Tia nukta. Nyumba ni hii."