Rimoti ya Mzee Kivuva

Asubuhi ya kutetea tasnifu yake ya udaktari, Nzisa alifungua Bibilia kubwa ya sebuleni akakuta utando wake haupo. Alikung'uta kurasa kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Zikadondoka picha za harusi ya shangazi na kadi ya mchango wa kanisa, basi. Akaketi kwenye zulia.

Na msimcheke kwa kuficha utafiti ndani ya Bibilia. Maabara ya chuo ilikuwa ikivuja tangu mvua za Aprili, na utando ule, plastiki laini inayopitisha umeme na kuhisi kidole kikiugusa, haupendi unyevu wala mwanga. Tando nyingine zote alizotengeneza zilipasuka zilipokunjwa. Huu mmoja ndio uliokubali kukunjwa. Sasa niambieni, pale nyumbani kwao mtaa wa Woodley, ni wapi pengine pakavu, penye giza na panapobana vizuri kuliko katikati ya Zaburi? Mama yake siku hizi husoma Neno kwenye simu.

"Mama, kuna kitu kama nailoni ilikuwa kwa Bibilia."

Mama yake, Ndunge, alikuwa jikoni akisukuma chapati. "Ile safi? Niliiona wiki iliyopita nikiweka kadi ya kanisa, nikafunika nayo rimoti ya baba yako."

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, mama huyu haoni kipande cha nailoni akakiacha kipite. Rimoti ya kwanza iliuawa na mafuta ya chapati, ya pili ikauawa na chai, naye akaapa kwamba ya tatu itavaa nguo. Aliupima utando, akapunguza kona kwa makasi, akaziba kingo kwa moto wa mshumaa. Zile waya mbili nyembamba zilizokuwa zikining'inia akazitumia kufungia.

"Hata kamba ilikuja nayo," alisema, amefurahi kabisa.

Nzisa alilia. Miaka sita alikuwa akisoma kitu hicho kimoja. Kanisani walishachoka kumuuliza, siku hizi wanamuuliza mama yake: huyu msichana bado tu? Akishindwa leo ni kuanza upya, na moyo wa kuanza upya hakuwa nao.

Kuubandua hakukuwezekana, ungeraruka. Ilibidi rimoti yenyewe iende chuoni. Hapo sasa ndipo kazi ilipoanza, maana Mzee Kivuva, karani mstaafu wa serikali, hajawahi kumwachia mtu rimoti tangu anunue televisheni. Husinzia nayo kifuani, na ukiigusa tu anaamka kukuambia alikuwa anatazama.

"Inaenda wapi?" aliuliza.

"Chuoni, Baba. Nisipoenda nayo nimekwisha."

Mzee aliitazama rimoti, akamtazama binti yake aliyevimba macho. "Basi tunaenda sote," akasema, akaenda kutafuta koti. Teksi ilikwama kwenye msongamano wa Hurlingham, na muda wote huo rimoti ilikuwa ndani ya mfuko wa koti, mkono wa mzee ukiwa juu yake.

Watahini walikuwa watatu. Mkuu wao, Profesa Harbhajan, ni mzee wa kilemba cha samawati ambaye wanafunzi hawajawahi kuona meno yake. Nzisa alizifungua zile waya, akaziunganisha kwenye kompyuta, kisha akaeleza yote, kwa sababu hakuna uongo ambao ungeweza kuieleza rimoti ile.

"Huu ndio utando ulioandika habari zake?" Profesa aliuliza.

"Ndiyo, Profesa."

"Umekatwa."

"Ndiyo."

"Umechomwa."

"Kidogo, Profesa."

"Na haya ni nini?"

"Mafuta ya chapati."

Nzisa alifumba macho akabonyeza. Alipoyafumbua, mstari kwenye skrini ulikuwa umepanda. Akabonyeza tena, ukapanda tena. Profesa alimpokonya akabonyeza mwenyewe, sauti juu, sauti chini, bila kuonekana na nia ya kuacha.

"Nani alikuwa akiitumia?"

Mzee Kivuva alisimama kule nyuma. "Ni mimi, Profesa. Habari, mpira, na Bunge likinikera."

"Uliukunja?"

"Niliulalia. Na betri zikichoka, mimi huipiga kwa paja. Si kila mtu hupiga?"

Profesa alivua miwani. "Sisi hapa tuna mashine ya kukunjia tando. Imeharibika tangu mwaka jana, kumbe nyingine iko Woodley inakula chapati." Na hapo meno yakaonekana. Walinong'ona kidogo, kisha akamgeukia Nzisa. "Umefaulu. Lakini rimoti inabaki hapa. Ndiyo ushahidi wetu."

Furaha ya Nzisa ilikatika katikati. Alimtazama baba yake, akamwonea huruma kuliko alivyowahi kumwonea mtu. Mzee alikuja mbele taratibu, akaichukua rimoti, akaifuta kwa mkono wa koti, akamkabidhi Profesa kwa mikono miwili.

"Chukueni," alisema. "Ila msiiweke karibu na chai."

Jioni taarifa ya habari ilipoanza, mzee alikuwa kwenye kiti chake, kiganja kitupu juu ya paja. Alikohoa.

"Daktari," aliita, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kumwita hivyo. "Hebu inuka utuongezee sauti."

Nzisa aliinuka, akaongeza, akabaki amesimama hapo hapo kando ya televisheni, kwa kuwa alijua habari za stesheni ile hazitampendeza mzee, naye ataitwa tena kubadilisha.