Vipepeo wa Macho ya Anisia

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli tupu, na anayebisha afunge safari mwenyewe mpaka Ushetu akaulize.

Ilikuwa mvua zile za mwisho wa mwaka tisini na saba, zilizogeuza njia zote kuwa uji. Donatus, dereva wa Mzee Ramniklal mwenye duka pale Kahama, aliazima pikapu ya tajiri wake akamtoroshe mama yake, Anisia. Mganga alikuwa ameshamnyooshea kidole kuwa ndiye mchawi. Ng'ombe wa jirani walikufa, mtoto akafuata, na kijiji kizima hakuna aliyekuwa na macho mekundu kama Anisia. Nani angejali kwamba macho yale yaliivishwa na moshi, miaka nenda miaka rudi akichochea kuni kwenye bani la kukaushia tumbaku? Kijiji cha pili bibi mmoja alishakatwa mapanga kwa macho kama hayo.

Donatus alimfunika mama khanga usoni, akawasha gari. Mwisho wa kijiji wanaume walikuwa wamesimama kando ya njia. Hawakusalimia, hawakurusha jiwe. Walitazama tu. Donatus akaona heri wangerusha.

Mbele, mbuga ilikuwa nyeusi na mawingu meusi vilevile, huwezi kujua ardhi imeishia wapi.

"Donatus," mama akasema ndani ya khanga.

"Naam, mama."

"Na kama ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Wanasema mwingine hajijui. Analoga usingizini. Yule mtoto nilimpakata, baba. Nilimpakata Jumapili, hata wiki haikuisha."

"Mama, acha hayo."

"Nirudishe. Wasije wakakuua na wewe kwa uchawi wangu."

Hapohapo pikapu ikazama matopeni mpaka kwenye ekseli. Donatus akakanyaga mafuta, magurudumu yakazidi kujichimbia kaburi. Akatazama kwenye kioo. Nyuma yao, mbali, kundi la wanaume lilikuwa linakuja kwa miguu, kimya, mapanga mkononi.

"Mama, shuka tukimbie!"

Anisia alishuka, lakini hakukimbia. Jua lilikuwa limechungulia chini ya wingu, na pale lilipogusa matope, matope yakainuka. Vipepeo! Weupe, wa manjano, wengi kama makapi ya mpunga unaopepetwa. Anisia akavua khanga. Mmoja akatua pembeni ya jicho lake, akanyoosha kamrija kake, akanywa chozi. Akaja mwingine. Donatus alisimama kando ya mlango wazi. Macho ambayo watu waliyakwepa tangu kiangazi, viumbe wa Mungu wanayanywa!

"Ningekuwa sumu," mama akanong'ona, "hawa si wangekufa?" Akaanza Salamu Maria, kwa ile sauti yake ya kanisani ambayo Donatus alidhani imeshazimika.

Wanaume wamefika hatua chache. Panga la mbele linameta. Ndipo vipepeo wale wakaingia chini ya pikapu, kila mmoja akashika pake, wakainyanyua, mama na mwana wakadandia, magurudumu yote hewani, wakaenda kuitua barabara kuu...

"Mwongo wee!"

Ni Anisia mwenyewe, mzima wa afya, amesimama nyuma yangu hapa Kalangalala alikohamia, na fimbo yake, kumbe anasikiliza kitambo.

"Vipepeo ni kweli," akawaambia watu. "Walininywa machozi. Lakini gari lilisukumwa na wale wanaume. Hawakuwa wa kijijini kwetu, na mapanga yao ya kukatia kuni za bani! Wa mbele aliniambia, 'Mwadela, mayu,' akainama kunisalimu kama mama yake, na macho yake mekundu kuliko yangu. Walisukuma mpaka wakala matope, wala hawakuuliza tunamkimbia nani. Leo sifa yao unawapa wadudu?"

"Shikamoo, mama. Hadithi bila chumvi hailiki."

"Marahaba. Na chumvi inalipiwa."

Basi nalipa. Niko uani kwake, nabangua gunia la karanga, vidole vinauma, na kila nikipumzika ananitolea yale macho.