Baridi ya Gratien

"Mwizi weye! Umeniwekea upepo, haiko gazi!" Tulipofika Bwegera, bwana yangu Gratien alimtukana fundi Clovis kwa simu, jasho likimtiririka.

Uongo mtupu. Asubuhi ile Clovis alipomaliza kujaza gazi ya klima, ile mashine ya baridi, katika Mercedes ya marehemu baba mkwe, baridi ilipiga mpaka nikajifunika kitenge. Lakini kufika tu Kavimvira, Gratien akashusha vioo vyote ili watu wamwone na kumsalimia. Nilipopandisha changu, akanifokea: "Unataka waseme tunajificha?" Tukala vumbi njia nzima mpaka Bwegera.

Nikampokonya simu.

"Fundi, baridi yako ilikuwa nzuri. Bwana yangu aliigawia barabara yote, akaninyima miye muke wake."