Safari ya Kumrudisha Mzee Breki

Kazini walimwita Kiguu na Njia, naye hakuwa na la kubisha. Alikuwa muuguzi, lakini si wa wodini. Kazi yake ilikuwa kusindikiza wagonjwa nje ya nchi: anawapeleka wanakotibiwa, na wakipona, au wakishindikana, anawarudisha kwao. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na ofisi ndogo juu ya duka la vioo, na meneja ambaye neno "pumzika" hakuwahi kufundishwa.

Siku meneja alipompigia simu kuhusu Mzee Breki, alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka safari nyingine. Amekaa kitandani, viatu amevua, miguu imevimba. Mume wake, mwalimu wa hesabu, aliingia akamkuta na simu sikioni, akajua.

"Lini?" akauliza.

"Kesho."

"Basi nisikuzoee," mumewe akasema, akaenda jikoni kumchemshia maji ya kuoga. Hakusema kwa ubaya. Zamani safari hizi ziliwagombanisha. Siku hizi hata ugomvi wenyewe ulikuwa umechoka.

Mgonjwa alikuwa dereva wa malori aliyestaafu. Ini lake lilikuwa limeharibika, na watoto wake walikuwa wamempeleka ng'ambo wakiwa na matumaini. Madaktari wa huko walijaribu wakafika mwisho wa ujuzi wao. Mzee mwenyewe ndiye aliyewaambia kwamba kama kilichobaki ni kulala kitandani, kitanda anacho kwake.

Muuguzi alimkuta huko ng'ambo, wodini, ameshavaa koti na viatu, amekaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayesubiri kuitwa. Amekonda. Macho yamegeuka manjano kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva wangu?"

"Ndiye mimi, baba."

"Mizigo yako iko wapi?"

Akamwonyesha begi dogo begani. Mzee akalitazama kama anayekagua matairi.

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Dawa zako zote zinakaa humu, karibu na mkono wangu. Lile begi lako kubwa likipotea, lipotee na mashati."

Mzee akaguna. "Utingo wangu wa kwanza angekuwa na akili hizo, mbona tungefika mbali."

Jina la Mzee Breki alipewa na madereva wenzake kwa sababu tangu ashike usukani hakuwahi kugonga hata kuku. Alikuwa amepeleka mizigo nchi za jirani maisha yake yote ya kazi: saruji, mbolea, vitambaa, mara moja hata majeneza matupu. Mipaka aliijua kama mtu anavyoijua milango ya nyumba yake. Ndege tu ndiyo hakuipenda. "Gari lisilo na honi," alisema, "utaliaminije?"

Muuguzi alikuwa amepanga kila kitu kama kawaida yake. Kiti cha magurudumu alikiomba mapema, si mlangoni. Viti alichagua vya karibu na choo. Alimvisha soksi za kubana ili damu isigande miguuni, na kila baada ya muda alimpa maji hata alipokataa. Mfukoni alikuwa na barua ya daktari inayomruhusu mgonjwa kupanda ndege, na picha ya kila karatasi ilikuwa kwenye simu yake. Barua ile ilikuwa na mwisho wake. Siku ya pili ya safari ikipita, mgonjwa angetakiwa kupimwa upya.

Safari ilikuwa ya ndege mbili. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Walipofika kwenye uwanja wa kubadilishia, mchana, ubao ukaonyesha kwamba ya pili imefutwa. Imeharibika, walisema.

Watu wakakimbilia kaunta kama nyuki. Yeye hakukimbia. Alimsogeza mzee hadi dirishani, penye soketi ya kuchajia simu, akampigia mhudumu wa shirika kwa simu badala ya kusimama foleni. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole, nayo haikuwa na jema. Nafasi ipo keshokutwa. Abiria watapelekwa hotelini, isipokuwa wenye pasipoti kama zao, ambao hawana viza ya kuingia mjini. Hao watasubiri humo humo uwanjani.

Alimwangalia mzee, amejikunyata kitini, midomo imekauka. Keshokutwa barua itakuwa imekufa. Daktari mwingine akimwona katika hali hii hatasaini. Watakwama hapa, kwenye viti vya chuma, kwa watu wasiowajua.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

"Ndege imeharibika, baba. Natafuta njia."

"Tafuta. Sina haraka ya kwenda mbinguni kupitia hapa."

Foleni ilipopungua alikwenda kaunta. Kijana aliyekuwa pale alikuwa ameshatukanwa mpaka macho yamekuwa mekundu. Muuguzi alijua, kwa kuchapwa na safari nyingi, kwamba aliye nyuma ya kaunta amechoka kama wewe, na kelele zako hazitamwongezea viti kwenye ndege.

"Pole na kazi," akamwambia. "Umepata hata chai?"

Kijana akainua kichwa, akatabasamu kwa taabu. "Bado, dada."

"Mimi sitaki hoteli. Nina mgonjwa, yule pale dirishani. Nitafutie ndege yoyote ya leo inayotua karibu na kwao, hata kama si nchini kwao."

Kijana akabofya, akabofya. Akapata. Jioni ile ilikuwepo ndege ya kwenda mji wa nchi jirani, na ilibakiwa na nafasi. Ila kutoka huko, njia ni ya gari, kuvuka mpaka.

Muuguzi akasita. Hakuwahi kumvusha mgonjwa wa namna hii kwa barabara. Akarudi dirishani, akamtajia mzee jina la mji.

Mzee Breki akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi nakaa mji wa kwanza ukishavuka mpaka ule! Ninyi wa ndege mnanizungusha angani kumbe mlango wa nyuma uko pale pale. Barabara ile nimeilima kwa matairi. Kata tiketi."

Basi wakakata. Yakabaki masaa ya kusubiri, na hapo ndipo mazungumzo yao yalipokolea. Mzee alitaka kujua siri zake za safari.

"Siri gani, baba? Pasipoti isikaribie kufa, maana ukibakiza chini ya miezi sita wanakurudisha. Kadi ya chanjo iishi na pasipoti. Na usilie kaunta. Ukilia, wanakuonea huruma, halafu wanamhudumia anayefuata."

"Mimi nilikuwa na yangu," mzee akasema. "Ofisa wa mpakani usimchekee kabla hajakuangalia, atadhani umeficha kitu. Na mke, usimwambie siku ya kurudi. Mwambie wiki. Ukimwambia siku, ikipita atakufa na roho juu."

"Wangu siku hizi haulizi siku."

Mzee akamgeukia. "Hiyo ni mbaya zaidi," akasema.

Muuguzi akageukia dirishani. Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Alikuwa amelisikia neno hilo tangu utotoni akidhani linahusu chakula na malazi. Alikaa akitazama magari ya mizigo yakizunguka chini ya mbawa za ndege, na bila kujua akasinzia, yeye mwenye mgonjwa. Aliposhtuka, koti la mzee lilikuwa mabegani mwake, na mzee amelikumbatia begi la dawa kwa mikono miwili.

"Baba! Nisamehe."

"Tulia. Dereva akichoka anampa utingo usukani. Hakuna aliyepita hapa bila mimi kumwona."

Walitua nchi jirani usiku. Katika simu yake muuguzi alikuwa na namba za watu wa miji mingi, wauguzi wenzake, madereva, mfagizi mmoja wa uwanja wa ndege anayejua kila mlango. Kuliko vitabu vyote vya safari, hao ndio walikuwa wakimwokoa. Muuguzi mmoja wa mji ule aliwapa kitanda kwenye zahanati yake, na asubuhi akawaitia gari lenye kiti kinacholala.

Njiani mzee hakukubali kulala. Aliinuliwa mto, akachungulia dirishani.

"Punguza," akamwambia dereva. "Mbele kuna kona mbaya."

Kona haikuwepo. Barabara ilikuwa imenyooshwa, lami mpya, pana. Baadaye akasema kuna mama anauza chai chini ya banda la mabati, wasimame amsalimie. Walipofika, pale palikuwa na kituo cha mafuta. Na mpakani, badala ya vibanda viwili na kizuizi cha mti alivyovijua, lilisimama jengo kubwa la vioo. Maofisa walikuwa vijana watupu. Hakuna aliyemwita kwa jina.

Mzee akarudisha kichwa kwenye mto wake. "Hata mpaka wameuhamisha bila kuniambia," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke akanyamaza kweli.

Kwenye dawati la afya, binti mmoja aliyevaa barakoa aliinama dirishani mwa gari, akaona macho ya mzee, akarudi nyuma hatua.

"Huyu ana homa ya manjano?"

"Hapana, dada. Ni ini. Barua ya daktari hii hapa, kadi ya chanjo hii hapa."

Binti akasoma, akasoma tena. "Macho ni ya manjano. Mimi sina mamlaka. Itabidi akae chumba cha kutengwa mpaka daktari wa mpaka aje. Anakuja jioni."

"Jioni hafiki."

"Ndio utaratibu."

Muuguzi akafungua kinywa amweleze kwa utulivu, kama alivyozoea. Sauti ikakataa. Yakatoka machozi, mengi, mbele ya dawati, mbele ya madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni. Alilia kama mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito mno na kamba ikakatika. Alijaribu kujifuta kwa barua ya daktari.

Sauti ikatoka garini. "Binti wa afya! Njoo unipime homa. Kipimo unacho?"

Binti akasogea, akamwekea kipimajoto kwenye paji la uso. Homa haikuwepo.

"Unafanya kazi yako," mzee akamwambia taratibu, "wala sikulaumu. Nimesimamishwa hapa kabla wewe hujazaliwa. Ila mpigie huyo daktari simu. Mwambie mzee hana homa, kachanjwa, ana muuguzi, na kwake ni pale ng'ambo, panaonekana."

Binti alimpigia. Muuguzi alisikia akijibu: hana, ndiyo, ipo, ndiyo yupo, analia. Halafu akakata simu, akagonga muhuri. Kabla hawajaondoka akamletea muuguzi chupa ya maji.

"Samahani, dada. Nisipouliza mimi, nani atauliza?"

"Hata mimi ningeuliza," muuguzi akasema. Ndiyo kweli yenyewe.

Mke wa Mzee Breki alikuwa mlangoni, kitambaa cha jikoni begani. Hakupiga kelele, hakukimbia. Alimsaidia dereva kumshusha mumewe, akamshika mkono.

"Umerudi."

"Nimerudi. Ulisubiri?"

"Nisisubiri nini? Ulisema wiki hii." Kisha akamgeukia muuguzi, akamtazama kuanzia miguuni. "Na wewe mwanangu, utanieleza dawa baadaye. Lala kwanza."

"Mama, dawa lazima nikueleze sasa."

Akamweleza: hii asubuhi, hii akiumwa, hii asizidishe. Mama akarudia yote bila kukosea. Ndipo muuguzi akalala chumba cha uani, na nguo zake mwilini, akazima kama taa.

Kesho yake aliamshwa na ugomvi. Mzee alitaka kitanda kisogezwe dirishani, upande wa barabara. Mkewe alisema huko ni vumbi tupu. Mzee akasema vumbi amelila maisha yake yote na bado hajashiba. Mama akakata tamaa, akamwita muuguzi amsaidie, na wao wawili wakakisukuma kitanda, mgonjwa juu yake akitoa amri: kata kushoto, nyoosha, nyuma kidogo, breki!

Simu ikalia wakiwa bado wanahema. Meneja.

"Hongera kwa kazi nzuri. Sasa, kuna mama mmoja wa keshokutwa..."

"Tafuta mwingine mpaka mwezi uishe."

"Lakini huyu ni mgonjwa maalumu, na wewe ndiye..."

"Tafuta mwingine," akasema, akakata.

Alipanda basi la kwenda kwake siku hiyo hiyo. Alimpigia mumewe kumwambia kwamba atakaa nyumbani mpaka mwezi mwingine. Mume akauliza kama anaumwa.

Mwezi ukaisha, akarudi kazini, kwani hakuwa na kazi nyingine. Alikuwa uwanja wa ndege, foleni ya ukaguzi, viatu mkononi, mbele yake mama aliyevunjika nyonga kwenye kiti cha magurudumu, pale mke wa Mzee Breki alipompigia.

"Mwanangu, mwenzetu ametangulia. Asubuhi alikunywa uji kidogo, akasema anapumzika. Hakuamka. Tunazika leo. Najua uko mbali."

"Niko mbali, mama. Pole. Pole sana."

Alikisukuma kiti nje ya foleni hadi penye benchi, akawapisha watu. Mama wa nyonga akageuza shingo kwa shida.

"Kuna nini, binti?"

"Nimepata msiba."

"Wa ndugu?"

Akafikiri. "Wa mzee mmoja niliyesafiri naye."

Mama yule akaligusa kwa kiganja benchi lililokuwa pembeni yake. "Kaa basi," akasema. "Kaa kwanza. Ndege itatungoja."

Ndege haingewangoja, wala kusingekuwa na kijana mwingine wa kaunta mwenye subira. Muuguzi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale. Akakaa.